Mteja Akifungua Shauri Dar es Salaam: Haki na Wajibu wa Fundi wa Mufindi Aliyejiajiri

Mafundi seremala, wachomeleaji, wapiga picha za harusi, wabunifu wa mabango na watengenezaji wa tovuti waliomo katika Wilaya ya Mufindi wana jambo moja linalowaunganisha: hawana mwajiri, na wateja wao wengi hawaishi Mufindi. Barabara kuu inayopita Mafinga pamoja na simu ya mkononi vimewaletea oda kutoka Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, hasa katika kazi za mbao zinazotegemea misitu ya Sao Hill. Pamoja na oda hizo umekuja mgogoro wa aina yake. Mteja asiyeridhika hasafiri kwenda kugombana na fundi karakanani. Hufungua shauri la madai katika mahakama iliyo karibu naye, na fundi hujikuta amekabidhiwa wito wa mahakama iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 500.

Wengi wanaopata wito wa namna hiyo huamini kwamba mdai ni lazima amfuate mdaiwa mahali anapoishi. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu karakana.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Fundi seremala wa Mafinga amekubaliana na mwenye nyumba ya kulala wageni Dar es Salaam kumtengenezea vitanda, makabati na milango kwa Sh 42,000,000. Mteja ametanguliza Sh 28,000,000 kupitia benki, na salio la Sh 14,000,000 litalipwa kazi ikikamilika. Samani zimesafirishwa, fundi amekwenda kuzifunga, na miezi miwili baadaye milango inakwama na makabati yamepinda. Mteja anasema mbao zilikuwa mbichi. Fundi anasema mbao zilikauka vizuri, ila mteja aliziacha siku kadhaa kwenye jengo lisilo na madirisha, katika unyevu wa pwani. Salio halilipwi. Kisha unafika wito: mteja anadai arudishiwe Sh 28,000,000 na alipwe Sh 10,000,000 za mapato aliyokosa wakati vyumba vimefungwa. Jumla ni Sh 38,000,000.

Kiasi hicho kina maana yake katika sheria. Mabadiliko ya mwaka 2016 katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu yaliweka ukomo wa Sh 30,000,000 kwa madai ya fedha yanayosikilizwa na Mahakama ya Mwanzo, na Sh 200,000,000 kwa Mahakama ya Wilaya. Shauri la mfano huu, kwa hiyo, ni la Mahakama ya Wilaya, ambako utaratibu unaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, ambazo ni nyepesi zaidi kwa mtu asiye na wakili. Maelezo yanayofuata yanahusu Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi.

Mahakama ipi yenye mamlaka

Sura ya 33 inampa mdai nafasi ya kuchagua. Anaweza kufungua shauri pale mdaiwa anapoishi, anapofanya biashara au anapofanya kazi ya kujipatia kipato. Vilevile anaweza kulifungua pale ambapo chanzo cha madai kimetokea, chote au sehemu yake. Maneno hayo ya mwisho, "au sehemu yake", ndiyo yanayopaswa kusomwa mara mbili. Katika madai yanayotokana na mkataba, mahakama hutazama mahali mkataba ulipofungwa, mahali ulipotakiwa kutekelezwa, na mahali fedha zilipotakiwa kulipwa. Likitimia hata moja kati ya hayo katika eneo la mahakama fulani, mdai ana hoja ya kusimama hapo.

Fundi wa mfano wetu alikubali kusafirisha samani na kuzifunga Dar es Salaam. Sehemu ya utekelezaji wa mkataba ilifanyika huko. Akisimama mbele ya hakimu na kusema kwamba shauri hili ni la Mufindi, kuna uwezekano mkubwa wa pingamizi lake kukataliwa, hata kama mbao zilipasuliwa, zikarandwa na kuunganishwa Mafinga, na hata kama mteja alifika mwenyewe karakanani kuweka oda.

Hali ingekuwa tofauti kabisa kama mteja angekuja na gari lake, akakagua mzigo mlangoni mwa karakana, akasaini kupokea, akalipa hapo hapo na kuondoka nao. Mkataba ungekuwa umefungwa Mafinga, umetekelezwa Mafinga na kulipwa Mafinga, na fundi ni mkazi wa Mafinga. Dar es Salaam ingebaki na nini zaidi ya makazi ya mdai? Makazi ya mdai peke yake hayaipi mahakama mamlaka. Hapo pingamizi la fundi lina nguvu, na mteja angelazimika kufungua shauri lake katika Mahakama ya Wilaya ya Mufindi.

Tofauti ya matukio hayo mawili ni sentensi moja katika makubaliano: bidhaa inakabidhiwa wapi. Mafundi wengi huandika bei na tarehe kwenye risiti au daftari, na mahali pa makabidhiano huachwa bila kutajwa kwa sababu kila mmoja anadhani panajulikana. Pande mbili zinaweza pia kukubaliana kwa maandishi kwamba mgogoro ukitokea utapelekwa katika mahakama za eneo fulani, mradi mahakama hizo zina mamlaka kisheria juu ya jambo hilo. Makubaliano hayawezi kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo, lakini yanaweza kuchagua kati ya mbili zenye mamlaka. Kwa fundi anayeuza nje ya mkoa, kifungu hicho kinastahili kuwamo katika kila mkataba, na hakihitaji wakili kukiandika.

Pingamizi la mahali lina wakati wake. Ni lazima litolewe katika mahakama hiyo hiyo ya kwanza, mapema kadiri iwezekanavyo, na si baada ya viini vya mgogoro kupangwa. Anayelinyamazia, akajibu madai na kuendelea na shauri, hawezi kuliibua katika rufaa na kutarajia lisikilizwe. Na hata aliyelitoa kwa wakati atatakiwa kuonesha kwamba haki ilipotoshwa kwa sababu ya kosa hilo la mahali.

Siku 21

Wito ukishafikishwa kwa mdaiwa, sheria inampa siku 21 kuwasilisha mahakamani utetezi wake wa maandishi. Utaratibu huu uliimarishwa na marekebisho ya mwaka 2019. Muda huhesabiwa tangu siku wito ulipofikishwa, haijalishi ulifika kwa kupenda au la. Kumkimbia mpeleka wito au kukataa kusaini hakusaidii: nakala inaweza kubandikwa mlangoni mwa nyumba au karakana, na mahakama ikiridhika kwamba mdaiwa anajificha inaweza kuamuru tangazo gazetini. Katika hali zote hizo mdaiwa huhesabiwa kuwa amepata taarifa.

Mtego mkubwa uko kwenye tarehe mbili. Hati ya wito huonesha siku ambayo shauri litatajwa au kusikilizwa, na mtu asiyezoea mahakama huichukua tarehe hiyo kuwa ndiyo siku ya kujitetea. Tuseme wito umepokelewa tarehe 3 Machi na shauri limepangwa kutajwa tarehe 15 Aprili. Fundi anaweka wito kwenye droo, anaendelea na kazi, na tarehe 14 Aprili jioni anapanda basi akiwa na maelezo yake yote kichwani. Anapofika, muda wa utetezi ulikwisha tangu tarehe 24 Machi. Siku 7 za ziada alizokuwa nazo za kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi zilikwisha tarehe 31 Machi. Na hata angeomba kwa wakati, nyongeza ambayo mahakama ingeweza kumpa ni siku 10 tu.

Kinachofuata ni mdai kuthibitisha madai yake peke yake na hukumu kutolewa ya upande mmoja. Hukumu hiyo ni halali na inaweza kukazwa kama hukumu nyingine. Mdaiwa anaweza kuomba itenguliwe ndani ya siku 30, lakini atatakiwa kuonesha sababu ya kutosha, kwa mfano kwamba wito haukumfikia ipasavyo au alikuwa amelazwa hospitali na ana vyeti. Kutojua sheria hakukubaliwi. Kukosa nauli ni sababu dhaifu pia, hasa sasa ambapo safari si lazima kila mara, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Barua ya wakili inayodai malipo ndani ya siku 7 au 14 si wito, na siku 21 hazianzi kuhesabiwa kwa barua hiyo. Ni kosa kuipuuza hata hivyo, kwa kuwa ndio wakati ambapo mgogoro bado ni wa bei nafuu. Ni kosa pia kujibu kwa hasira. Sentensi kama "hela nimeshaitumia, fanya unavyotaka" ikiandikwa kwenye simu itasomwa mbele ya hakimu.

Mzee wa mtaa au afisa mtendaji anaweza kuwaketisha watu wakapatana, na mara nyingi husaidia. Lakini kikao chake hakisimamishi hesabu ya siku za mahakama. Aliyekwishapokea wito awasilishe utetezi kwanza, ndipo aendelee na mazungumzo.

Kilichomo katika utetezi

Utetezi hujibu hati ya madai aya kwa aya: hili linakubaliwa, hili linakataliwa, na sababu ni hii. Kukataa kila kitu kwa jumla humwacha mdaiwa mtupu. Fundi wa mfano wetu hana faida ya kukana kwamba alipokea Sh 28,000,000, maana taarifa ya benki ipo. Nguvu yake iko kwenye hali ya mbao zilipokabidhiwa, namna mteja alivyozihifadhi, na salio ambalo halijalipwa.

Kuhusu salio, mdaiwa ana haki ambayo wengi hawaijui. Katika shauri hilo hilo anaweza kuwasilisha madai kinzani ya Sh 14,000,000, akayalipia ada ya mahakama, na hakimu akaamua pande zote mbili kwa pamoja. Hahitaji kufungua shauri jingine Mufindi. Mara nyingi madai kinzani ndiyo yanayobadili sura ya mazungumzo, kwa sababu mteja anatambua kwamba naye ana cha kupoteza.

Ushahidi wa kazi za siku hizi uko kwenye simu. Mkataba si lazima uwe karatasi yenye muhuri. Makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba yanatambuliwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu, barua pepe na picha kupokelewa mahakamani. Mahakama itataka kujiridhisha jinsi ushahidi huo ulivyotunzwa. Kwa hiyo mazungumzo yahifadhiwe yote, yakiwemo yasiyompendeza mwenye simu; kufuta baadhi ya ujumbe huharibu thamani ya uliobaki. Picha za bidhaa kabla ya kupakiwa, jina na sahihi ya aliyepokea, stakabadhi ya usafiri na kumbukumbu za ukaushaji wa mbao ni vitu vinavyopaswa kuwepo hata pale mteja anapoonekana rafiki. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa hadi miaka 6 tangu sababu ya madai ilipotokea, na simu chache huishi muda huo. Inafaa nakala ziwekwe mahali pengine.

Anayekusudia kupinga mahali pa shauri atahitaji pia uthibitisho wa makazi na biashara. Leseni ya biashara inayotolewa na Halmashauri huonesha mahali biashara inapofanyika, na barua ya afisa mtendaji wa kijiji au kata huthibitisha ukazi. Leseni iliyoisha muda wake au yenye anwani ya zamani huzaa maswali yasiyo ya lazima.

Safari si lazima kila mara

Tangu mwaka 2018 zipo kanuni zinazoruhusu nyaraka kuwasilishwa mahakamani kwa njia ya kielektroniki, na kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa kusikiliza mashauri kwa mbali kwa njia ya video. Mdaiwa aliye Mufindi anaweza kuomba kwamba shauri litajwe, au hata ushahidi usikilizwe, akiwa mbali na chumba cha mahakama. Uamuzi ni wa hakimu, na ombi hupelekwa mapema, si asubuhi ya siku ya shauri. Karani wa mahakama iliyo karibu ndiye wa kuulizwa kuhusu vifaa na namna ya kujisajili katika mfumo. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, jambo linalomwezesha mtu asiye na wakili kufuatilia shauri lake.

Nyaraka za pande zote zikikamilika, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Usuluhishi huo hufanyika ndani ya siku 30, ni wa siri, na yanayosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi. Kukosa kuhudhuria bila sababu kunaweza kusababisha utetezi wa mdaiwa uondolewe. Kwa migogoro ya ufundi hii huenda ndiyo hatua yenye manufaa kuliko zote. Hakimu anayetoa hukumu huamua nani amlipe nani. Kwenye usuluhishi fundi anaweza kupendekeza kutuma kijana wake kuranda milango na kubadili makabati manne yaliyopinda, mteja akalipa nusu ya salio mara moja na nusu baada ya ukaguzi. Makubaliano yakisainiwa na kurekodiwa hupata nguvu ya amri ya mahakama.

Zanzibar na nje ya nchi

Wapo mafundi wenye wateja Unguja, na wabunifu wa kompyuta wenye wateja Kenya au mbali zaidi. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za mwenendo wa madai, kwa hiyo siku na taratibu zilizoelezwa hapa zisichukuliwe kuwa ndizo za huko. Hukumu ya mahakama ya nje haitekelezwi Mufindi moja kwa moja. Ni lazima ipitie mahakama ya hapa, ambayo hutazama, pamoja na mambo mengine, kama mahakama iliyoitoa ilikuwa na mamlaka. Hiyo si sababu ya kuupuuza wito wa huko, wala si sababu ya kukimbilia kuujibu. Kujibu na kushiriki shauri kunaweza kuhesabiwa kuwa mdaiwa ameikubali mamlaka ya mahakama hiyo. Ushauri wa wakili katika hali hii unahitajika kabla ya hatua yoyote.

Msaada unapatikana wapi

Ofisi ya Sheria ya Halmashauri haiwezi kumwakilisha mwananchi katika shauri lake binafsi, kwa kuwa mteja wake ni Halmashauri. Mlango sahihi ni Idara ya Maendeleo ya Jamii. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, maafisa wa idara hiyo ndio wasajili wasaidizi wa watoa msaada wa kisheria katika ngazi ya wilaya, na wanaweza kumwelekeza mwananchi kwa watoa huduma waliosajiliwa. Msaada huo ni wa bure kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Wasaidizi wa kisheria wanaweza kumweleza mtu maana ya nyaraka alizopokea na kumwongoza kwenye chombo sahihi. Hawaruhusiwi kumwakilisha mahakamani wala kumtoza ada, na anayedai malipo aripotiwe kwa idara.

Anayekwenda kuomba msaada abebe wito na hati ya madai kamili pamoja na viambatisho vyake, makubaliano yoyote yaliyoandikwa, taarifa ya benki au ya miamala ya simu, na simu yenyewe. Aandike nyuma ya wito tarehe aliyoupokea na jina la aliyemkabidhi. Aende wiki ile ile.

Yule ambaye amechelewa na hukumu imekwishatolewa bado ana la kufanya. Dalali wa mahakama anapofika kukamata mali, Sura ya 33 inakataza baadhi ya vitu kukamatwa: nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya lazima vya familia, nyumba anayoishi mdaiwa na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na zana za fundi. Randa, patasi na misumeno ya seremala vimo katika ulinzi huo. Mashine kubwa ya umeme inaweza kuzua mabishano kama ni zana au ni mtaji, na mbao zilizopangwa uani hazina kinga. Kinga hiyo hudaiwa kwa maombi katika mahakama inayokaza hukumu, na hudaiwa kabla mali haijauzwa. Fundi aliyeandika mapema orodha ya zana zake, pamoja na risiti za manunuzi, atakuwa na cha kumwonesha hakimu.